Namna ya kuandika riwaya ya taharuki kuhusu mapenzi ya mtandaoni: mwongozo kamili

Saa nne usiku, Tanga. Zuhura ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mkononi. Chumba cha pili mama yake anakohoa. Ameingiza namba aliyopewa na Kassim, ameandika shilingi 350,000, na kabla ya kuthibitisha, kama ilivyo kawaida ya kutuma pesa kwa simu, jina la mwenye laini limejitokeza. Kassim alisema laini ni ya rafiki yake wa kiume. Jina lililotokea ni la mwanamke, majina matatu kamili.

Akighairi na kulala, huna riwaya. Akituma, na msomaji akafunga kitabu akisema "huyu naye kajitakia", riwaya unayo lakini imekufia mikononi. Kurasa zote zilizotangulia zilikuwa na kazi moja: kumfanya msomaji abonyeze pamoja naye.

Zuhura nimemtunga kwa ajili ya mwongozo huu. Nitakwenda naye mwanzo hadi mwisho, kwa sababu maelekezo ya uandishi yasiyo na mtu ndani yake hayashiki kichwani. Chukua hatua, mwache mtu wangu, mtafute wako.

Hatua ya kwanza: chagua hofu moja

Hatari za kupendana mtandaoni hazifanani. Kuna tapeli anayekukamua polepole bila kukuona hata siku moja. Kuna anayekubali kuonana, kisha anakutilia dawa kwenye kinywaji. Nairobi dawa hiyo wanaiita mchele. Kuna anayekusanya picha za faragha halafu anaanza kudai. Kuna asiyetaka pesa wala mwili, anachotaka ni kukutawala: ajue uko wapi, uko na nani, umevaa nini. Na kuna anayeua. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mauaji ya wanawake nchini Kenya, mengine yakiwa yametokea katika nyumba za kupangishwa kwa siku chache, yaliwatoa maelfu ya watu barabarani Nairobi na miji mingine tarehe 27 Januari. Ukichagua hofu hiyo, kumbuka familia za marehemu bado zipo na zinasoma. Usichukue kisa cha mtu halisi ukabadilisha jina tu.

Waandishi wengi wanaoanza hutaka hofu zote kitabu kimoja. Matokeo yake ni mkusanyiko wa matukio ya kutisha ambayo hakuna hata moja linalotisha. Kila hofu ina saa yake. Ya muuaji inahesabu dakika ndani ya chumba kimoja. Ya tapeli inahesabu miezi. Huwezi kumfanya msomaji asikilize saa mbili kwa mpigo.

Mimi nimemchagua tapeli wa pesa. Naamini ndiye anayeifaa zaidi riwaya ya kisaikolojia, maana hakuna kisu wala mlango unaogongwa usiku. Vurugu yote inatokea ndani ya kichwa cha mtu aliyekaa sebuleni kwake.

Hatua ya pili: fanya utafiti kabla ya kuandika sentensi ya kwanza

Anza na ukubwa wa jambo. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilipokea kwa mwaka 2022 taarifa za karibu watu 70,000 waliotapeliwa kimapenzi, hasara yao kwa jumla ikiwa dola bilioni 1.3. Nusu yao walipoteza zaidi ya dola 4,400. Namba ya mabilioni iache kwa waandishi wa habari; hii ya mwisho ndiyo yako, kwa sababu ni kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kukipoteza na bado kesho yake akaenda kazini. Uongo ulioongoza kwenye taarifa hizo ulikuwa wa kawaida mno: mimi, au mtu wangu wa karibu, anaumwa, ameumia au amefungwa.

Kisha jifunze mazingira ya hapa kwetu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayomtia hatiani anayejifanya mtu mwingine kupitia kompyuta; Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018. Laini za Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na mtu anaweza kubonyeza *106# kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba ya tapeli huripotiwa kwa kuituma 15040. Wakala asiye mwaminifu humwambia mteja "weka kidole tena, haikusoma", na laini ya pili ikazaliwa bila mwenyewe kujua. Jambo hili karibu kila msomaji wetu amewahi kulisikia, na hapo ndipo faida yake kwako: akiliona jina la mwanamke kwenye skrini ya Zuhura, atadhani ameshajua maana yake. Mwache adhani.

Kaa na wakala wa pesa nusu siku. Muulize watu wanakaaje wanapotuma pesa wanayoionea shaka. Wengine huomba wakala awasomee jina mara mbili, wengine hugeuza mgongo. Nenda pia kwenye dawati la jinsia la kituo cha polisi, ueleze wewe ni mwandishi, na uulize jambo moja tu: mtu akija kutoa taarifa ya kutapeliwa na mpenzi, anaanza na neno gani? Ukilipata neno hilo, sura ya polisi umeshaandika nusu yake.

Hatua ya tatu: mjenge mwathirika asiye mjinga

Hapa ndipo vitabu vingi vya aina hii huvunjika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Zuhura ana miaka 34. Ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi na mweka hazina wa kikoba cha wanawake 30. Yeye ndiye anayeombwa na wenzake awasomee mikataba. Mdogo wake ameshaolewa, naye amebaki na mama mgonjwa. Mwanamke kama huyu hawezi kuanguka kwa sababu ya "nakupenda" ya mtu asiyemjua, amezisikia nyingi. Kwa hiyo usimtege kwa udhaifu wake. Mtege kwa sifa yake.

Chukua karatasi uandike vitu vitatu. Cha kwanza, anasifiwa kwa nini? Zuhura husifiwa kwa kubeba mizigo ya watu bila kulalamika. Cha pili, sifa hiyo imemnyima nini? Hakuna anayemuuliza yeye habari zake. Cha tatu, ni sentensi gani moja ambayo akiambiwa atashindwa kulala? Nilipofika swali hilo niliandika maneno mengi mazuri na kuyafuta yote. Sentensi yenyewe ni "Umekula?"

Saa tisa mchana, katikati ya hesabu za mwezi, simu inaita kidogo na mtu wa mbali anauliza kama amekula. Hajala. Hakuna aliyemuuliza hivyo tangu baba yake afariki. Ukiipata sentensi ya namna hii kwa mhusika wako, utakuwa umepata uti wa mgongo wa kitabu, na itabidi irudi mara tatu au nne, kila ikirudi ikiwa na maana nyingine.

Sasa mpe kitu cha kupoteza ambacho si chake peke yake. Pesa yake mwenyewe akiipoteza tutamwonea huruma. Pesa ya wenzake ikipotea tutashindwa kukaa. Utafiti wako ukusaidie kuwa mkweli hapa. Sanduku la kikoba huwa na kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti, hivyo mweka hazina hawezi kulifungua usiku akachota. Lakini marejesho ya mikopo yanayotumwa katikati ya wiki yanaweza kupitia kwenye simu yake kabla ya kikao cha Jumamosi. Mwanya ni huo. Siku tatu kati ya Jumatano na Jumamosi pesa ya watu inalala kwenye simu ileile anayochatia na Kassim.

Hatua ya nne: mjenge tapeli kwa masikio

Jizuie kumfanya Kassim ang'ae. Mwanajeshi wa Marekani mwenye almasi msomaji wetu amemchoka. Kassim wangu ni mzaliwa wa Mombasa, fundi wa mitambo kwenye meli inayotia nanga Muscat na Sohar, anayelalamikia mtandao wa melini. Kila mtu wa mwambao ana jamaa Oman, kwa hiyo uongo huu una ndugu wengi wa kweli.

Mbinu zake zipange kwa mfuatano. Kwanza anamtoa kwenye programu ya kutafuta wachumba na kumhamishia WhatsApp, kwa sababu ya maana: "kule bando linaisha haraka". Halafu mafuriko ya maneno kwa wiki mbili. Halafu kimya cha siku nzima bila maelezo. Usikipuuze kimya hicho, kina nguvu kuliko maneno. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliona kwamba njiwa anayepata chakula kwa kubahatisha hudonoa kwa bidii kuliko anayepewa kila anapodonoa, na haachi upesi hata chakula kikikoma. Zuhura akiangalia tiki mbili za kijivu zisizogeuka buluu ni huyo njiwa, na msomaji wako pia.

Baada ya kimya ndipo linakuja ombi la kwanza, na liwe dogo kiasi cha kuona haya kukataa: bando la shilingi 5,000. Na analirudisha! Wiki ileile anarudisha 6,000. Mhasibu ameona hesabu imefunga, na mhasibu anaamini hesabu. Kisha 40,000, kisha 350,000 za hospitali. Wakati huohuo anamtenga na shoga yake Mwanaidi, bila kumsema vibaya: "Mwanaidi anakupenda sana, ndiyo maana anaogopa kukupoteza." Sentensi kama hiyo haina tusi hata moja, na kuanzia hapo kila onyo la Mwanaidi litasikika kama wivu.

Kuna kifaa kimoja ambacho mwandishi wa Kiswahili anacho na wengi hawakitumii: lugha yenyewe. Katika riwaya hii, Kassim wa asubuhi anaandika "nina njaa". Kassim wa usiku anaandika "niko na njaa". Wa asubuhi anasema "nakwenda kula", wa usiku "naenda kukula". Mtu wa Mombasa mjini hasemi "kukula". Usilielezee jambo hili popote. Litawanye kwa kurasa mia moja, jumbe saba au nane hivi. Zuhura ataliona kama uchovu wa kazi. Msomaji mwenye sikio ataanza kuhisi baridi mgongoni, atarudi nyuma kurasa kadhaa, atahesabu. Huo ni ushahidi usiohitaji mpelelezi.

Simu ya video nayo ifikirie upya. Zamani mwandishi alikata taharuki kwa kudai video: akitokea ni kweli, asipotokea ni uongo. Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walitangaza kuwakamata watu 27 wa genge lililotumia nyuso za kutengenezwa kwa kompyuta kutapeli wapenzi, hasara ikiwa takribani dola milioni 46. Sasa video inaweza kuja, ikatabasamu, na isithibitishe chochote.

Hatua ya tano: weka kalenda

Vikoba vingi huvunjwa Desemba, wanachama wakagawana akiba. Hiyo ndiyo saa yako. Fungua riwaya mapema Septemba na uvunje kikoba Jumamosi ya tatu ya Desemba. Chora mistari miwili kwenye karatasi moja: juu tarehe na kiasi alichotuma, chini kiasi kinachopungua kwenye marejesho. Mstari wa tatu wa muhimu ni wa visingizio: kila Jumamosi Zuhura anasema nini kikaoni? Uongo wake uwe unakua kwa mwendo uleule wa uongo wa Kassim. Kufikia Novemba atakuwa anatumia maneno ya Kassim neno kwa neno, "mtandao ulisumbua", na hapo msomaji ataona kwamba yupo tapeli wa pili katika kitabu, naye tunampenda.

Sura ziwe fupi. Zaidi ya hapo kuhusu urefu sina la kukuamulia.

Hatua ya sita: andika ujumbe bila kuua ukurasa

Mazungumzo ya simu yakinakiliwa yote huchosha. Kanuni yangu ni hii: mstari mmoja wa ujumbe, mistari mitano ya mwili na chumba. Simu ni ndogo. Hofu iko kwa mtu aliyeishika. Tazama:

*Jina lilikaa pale, herufi kubwa tupu. Zuhura alipiga picha ya skrini akamtumia. "Huyu nani?"*

*Kassim anaandika. Kassim ameacha kuandika. Feni ilizunguka, ikagonga pale inapogonga siku zote. Mama alikohoa mara mbili, akanyamaza, na Zuhura akajikuta anasubiri kikohozi cha tatu kuliko anavyosubiri jibu. Kassim anaandika. Alihesabu mikunjo ya shuka. Dakika tisa.*

*"Ni mama yangu. Niliona haya kukwambia."*

*Alisoma neno mama. Akaingiza namba ya siri.*

Hakuna aliyesema "aliogopa". Maneno ya hisia yaondoe, uache vitu vifanye kazi: feni, kikohozi, mikunjo. Angalia pia kwamba Kassim hakumsihi. Ameona haya tu, na haya ni kitu ambacho Zuhura amelelewa kukiheshimu.

Jumbe zenyewe ziandike kama watu wanavyoandika. Ufupisho kidogo unatosha. Ukijaza "xaxa" na "cjui" kila mstari, msomaji atachoka na mhariri atakurudishia.

Hatua ya saba: geuza kitabu

Mgeuko dhaifu ni ule wa kusema Kassim kumbe ni mjomba, au ni Mwanaidi mwenyewe. Unashangaza kwa dakika moja. Mgeuko mzuri unayabadilisha maana mambo ambayo msomaji ameshayasoma.

Mwezi Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba angalau watu 120,000 nchini Myanmar, na wengine kama 100,000 nchini Kambodia, wanaweza kuwa wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi wao waliitwa kwa ahadi ya kazi. Hunyang'anywa pasipoti, hupigwa, na ndugu zao hudaiwa pesa ili waachiwe. Wakenya na Waganda ni miongoni mwa waliotolewa huko. Magenge hayo hulenga zaidi watu wenye pesa za nchi kubwa, kwa hiyo lazima ujibu: nani angepoteza muda na mhasibu wa Tanga?

Jibu langu: wakubwa wa genge hawamjui kabisa. Vijana wawili, mmoja Mtanzania na mwingine Mkenya wa bara, wana simu moja waliyoificha. Mchana wanatapeli wageni kwa amri. Wakipata upenyo wa siri wanamwandikia Zuhura kwa zamu, ili wakusanye pesa ya kujikomboa. Ndiyo "nina" na "niko na". Zuhura anapopanda basi kwenda Muheza kumtafuta mwanamke wa kwenye skrini, msomaji anategemea bibi aliyeibiwa kidole na wakala. Anamkuta mama anayeuza vitumbua, ukutani picha ya kijana mwenye suti ya kuazima, na daftari lenye kila kiasi Zuhura alichotuma, limejumlishwa vizuri. *Ni mama yangu.* Ndiyo ilikuwa sentensi ya kweli pekee katika miezi mitatu.

Na "umekula?" Katika riwaya hii, kule Myanmar asiyefikisha lengo la siku halali na chakula. Kijana alikuwa akimuuliza mwanamke wa mbali kitu alichokuwa akikifikiria mchana kutwa.

Mama wa vitumbua usimfanye malaika. Alijua pesa inatoka kwa mwanamke aliyedanganywa. Mpe nafasi aseme hivyo kwa mdomo wake, huku akigeuza kitumbua kisiungue.

Hatua ya nane: mwisho, na kusoma upya

Usimwadhibu Zuhura. Riwaya nyingi huishia kumwaibisha mwanamke aliyependa, na wasomaji waliopitia hayo hufunga kitabu wakiwa wameamua kutomwambia mtu. Usimwokoe kwa muujiza pia: pesa haijarudi, kikoba kinavunjwa Jumamosi. Sura yangu ya mwisho inampeleka kikaoni, sanduku lipo mezani, funguo tatu zimewekwa, na Mwanaidi amekaa mstari wa mbele. Namwacha anasimama. Atakachosema namwandikia, lakini kwa sentensi moja tu, na isiwe kilio.

Ukimaliza, lifungie andiko mwezi mzima. Kisha fanya ukaguzi wa aina tatu. Soma jumbe za Kassim peke yake, mfululizo, kwa sauti. Kama wewe mwenyewe huanzi kumpenda, rudi hatua ya nne. Soma visingizio vya Zuhura peke yake. Halafu mpe wasomaji wawili, mmoja wa Pwani na mmoja wa bara, na usiwaambie chochote kuhusu lugha. Wa Pwani akikupigia simu katikati ya kitabu kukuuliza mbona Kassim anasema "kukula", mwambie aendelee kusoma, kisha uandike pembeni namba ya ukurasa aliofika. Ikiwa ni kabla ya ukurasa wa 60, ushahidi umewekwa mapema mno, usogeze.

Kama unaitoa kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp, kama waandishi wengi wa Tanzania wanavyouza hadithi zao siku hizi, kila kipande kikate pale Kassim anapoandika na kabla hajajibu. Msomaji atakuwa ameshika simu yake usiku, akisubiri ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua.